Ndimu asubuhi, mswaki papo hapo, afu unashangaa ganzi

Mwezi uliopita niliomba maswali ya meno nikijua nitaulizwa habari za kung'oa na kuziba kama kawaida yenu, kumbe ujumbe mwingi ulioingia ni wa watu wa ganzi: maji ya baridi yanachoma, embe halilikiki, meno yamekuwa ya njano na ncha zinakatika. Wengi mnadhani ni kuoza. Sio kuoza, ni kumomonyoka, na dawa zake sio zilezile. Nimechagua barua tano, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nikimaliza na huyo dada nyinyi wengine mtakuwa mmeshapata nusu ya majibu yenu.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dada wa miaka 29, niko Tanga. Tangu mwaka jana kila nikiamka nakunywa maji ya moto na ndimu, nakamulia ndimu mbili nzima, shosti yangu aliniambia inakata kitambi. Nikimaliza napiga mswaki hapohapo maana sipendi ule uchachu ubaki mdomoni, na natumia mswaki mgumu ndo naona unasafisha. Sasa meno ya mbele yamekuwa ya njano, ncha zake kama kioo, nikisimama kwenye mwanga naona hadi upande wa pili. Maji ya friji siyawezi, hata upepo nikiwa kwenye bodaboda unanichoma. Nikanunua dawa ya mkaa ya kung'arisha, naona ndo imezidi. Shangazi anasema ni wadudu niweke karafuu. Je, enameli ikiisha inarudi? Na nikimeza vidonge vya kalsiamu si itajengeka?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nianze na lile unaloliogopa, enameli iliyoondoka hairudi. Lile gamba jeupe la juu ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kuliko hata mfupa, asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini matupu, lakini ugumu wake huo ndo udhaifu wake, kwa sababu haina uhai. Mfupa ukivunjika unaunga maana una chembe hai na damu inapita. Enameli haina damu, haina mshipa, na chembe zilizoijenga zilishakufa siku jino lilipochomoza kwenye ufizi ukiwa mtoto. Kwa hiyo vidonge vya kalsiamu vitaingia kwenye damu, vitafika kwenye mifupa, lakini kwenye enameli hamna mlango wa kupitia. Hela hiyo nunua samaki.

Ila kuna jambo moja zuri, na hilo ndo naomba ulishike. Kabla enameli haijaondoka huwa kwanza inalainika, na iliyolainika tu inaweza kukazwa tena.

Unaijua ile sakafu ya terazo ya nyumba za zamani? Tone la ndimu likidondoka pale mkachelewa kufuta, kesho yake unakuta doa lisilong'aa, ukipitisha kidole panakwaruza kidogo. Hakuna mdudu aliyekuja usiku kula sakafu, ni asidi imeyeyusha chokaa ya pale juu. Sasa fikiria lile tone likiwa bado bichi, wewe unachukua brashi ngumu na mchanga unasugua kwa nguvu zote eti unasafisha. Hicho ndo unachofanya kila asubuhi mdogo wangu. Ndimu inalainisha, mswaki unakwangua, unatema, kesho unarudia, mwaka mzima sasa. Na enameli yenyewe sio nene kihivyo, pale ilipo nene kabisa kwenye vichwa vya magego inafika milimita 2.5 hivi, kwenye shingo ya jino karibu na ufizi ni nyembamba sana.

Uchachu una kipimo chake kinaitwa pH, maji safi ni 7, na kadri namba inavyoshuka uchachu ndo unapanda, kila ukishuka namba moja uchachu umezidi mara 10. Enameli inaanza kupoteza madini ukishuka chini ya 5.5 hivi. Maji ya ndimu yenyewe yako kwenye 2 na kidogo, yaani tofauti ya namba 3, hiyo ni mara 1,000. Ukiichanganya na maji inapungua makali lakini bado iko mbali sana na 5.5, na umeweka mbili!

Anayekuokoa hapo ni mate. Mate yana kalsiamu na fosfati, yanazimua asidi afu yanarudisha madini taratibu pale palipolainika, ila yanahitaji nafasi ya nusu saa mpaka saa nzima. Wewe hujawahi kuyapa hata dakika tano.

Habari ya rangi. Chini ya enameli kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya njano. Jino lako halijachafuka, limechakaa hadi la ndani linaonekana, kama shati jeupe lililopauka mpaka fulana ya ndani inaonekana, we unazidi kulifua kwa jiwe. Dawa ya mkaa ndo hilo jiwe. Kila unaposugua enameli inazidi kupungua na njano inazidi kujitokeza, halafu unasema haijakolea ngoja niongeze. Huo mkaa upeleke kwenye jiko. Na wale wa TikTok wanaosugua meno kwa ndimu na chumvi, wanang'aa siku mbili kweli, maana wamechubua.

Ganzi nayo inatoka hukohuko kwenye dentini. Ina vijitundu vidogo mno visivyohesabika vinavyoelekea kwenye moyo wa jino ulipo mshipa wa fahamu, enameli ikiwa imekaa juu vimefunikwa, ikiondoka baridi na upepo vinapiga hodi moja kwa moja. Karafuu ya shangazi inaweza kutuliza kwa muda, hilo simbishii, lakini haifuniki kitu. Na wadudu hawahusiki hapa. Kwenye kuoza ni bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi pale walipojificha, ndo maana linatokea tundu sehemu moja, la kahawia au jeusi. Wako asidi umeimimina mwenyewe, ikapita juu ya meno yote, ndo maana yamekuwa laini yanateleza na yamepoteza vile vimistari vyake vya asili. Shangazi nisalimie lakini.

Sasa ufanyeje. Ndimu ya asubuhi acha, haiyeyushi kitambi, kama ulipungua ni kwa sababu iliichukua nafasi ya chai ya sukari na chapati. Ukiitaka sana ikamulie kwenye samaki au mchuzi, ule pamoja na chakula mara moja ikaisha. Ukishakula kitu kichachu sukutua na maji matupu, mswaki subiri nusu saa kwenda mbele, au rahisi zaidi piga mswaki kabla ya kula. Nunua mswaki laini, ule ulioandikwa laini, usiusukume kama unasugua sufuria. Dawa ya meno iwe ya floraidi, geuza tyubu usome, tafuta namba 1,450 au karibu na hapo, ukimaliza tema povu afu usisukutue na maji mengi, iache ile floraidi ifanye kazi yake. Inaingia kwenye enameli na kuifanya iwe sugu, badala ya kuanza kuyeyuka kwenye 5.5 inavumilia hadi kwenye 4.5 hivi. Kwa ganzi zipo dawa za meno zenye potasiamu naitreti, hizo zinataka uvumilivu wa wiki mbili hadi nne, usiitupe siku ya tatu ukasema umeibiwa.

Halafu nenda kwa daktari wa meno. Kuna kipimo rahisi, anagawa mdomo sehemu sita, kila sehemu anaipa alama kuanzia 0 mpaka 3 kwa jino lililoharibika zaidi, anajumlisha anajua uko wapi. Anaweza kukupaka vanishi ya floraidi, na zile ncha zinazokatika akazijengea kompoziti, ile ya rangi ya jino. Ushauri wangu, asikukimbize mtu kwenye krauni, ile kofia ya kufunika jino zima, kama bado jino lina nyama, maana ili akuvalishe krauni lazima asage kwanza, na wewe cha kusagwa huna. Kitu kingine cha bure kabisa: simama dirishani, jipige picha ya meno na simu, rudia kila baada ya miezi mitatu mahali palepale. Picha hizo zinatusaidia kuliko maelezo ya "naona kama yamepungua."

Swali: Dokta niaje, mi dereva boda Kahama, napiga kazi usiku. Enaji mbili kila usiku, nainyonya kidogokidogo isiishe haraka, inanisukuma kama masaa manne. Magego ya chini yamefanya vishimo kama vibakuli, na kuna jino liliwahi kuzibwa, ile dawa ya kuzibia imebaki imesimama juu kuliko jino lenyewe. Nimehamia isiyo na sukari. Niko salama?

Jibu: Hauko salama kaka, ila barua yako imenifurahisha, hicho ulichokiona kwenye jino lililozibwa ndo dalili tunayowafundisha madaktari vijana. Dawa ya kuzibia haiyeyuki kwa asidi, jino linayeyuka, kwa hiyo linashuka lenyewe na kuiacha dawa imesimama kama jiwe kwenye njia iliyokombwa na mvua.

Isiyo na sukari imekupunguzia kuoza, na hilo ni jambo la maana, ila kumomonyoka kuko palepale sababu asidi hawajaitoa, hiyo ndo ladha yenyewe. Na kosa lako kubwa sio hata hizo mbili, ni kunyonya kidogokidogo. Kila funda moja linashusha pH, mate yanaanza kupandisha, hayajafika unapiga funda lingine, masaa manne mdomo wako haujapumzika hata mara moja. Bora mtu anayeimaliza kwa dakika kumi na kufuatisha maji kuliko wewe unayeibembeleza. Afu usiku mate yanapungua, na we unaendesha mdomo wazi unakula vumbi la Kahama.

Punguza iwe moja, inywe uimalize, usiizungushe mdomoni, chupa ya maji iwe kwenye pikipiki muda wote. Ukitaka cha kushtua usingizi kahawa isiyo na sukari ni afadhali. Mtindi nao kunywa bila hofu, najua utasema mbona mchachu, kweli ni mchachu, lakini umejaa kalsiamu na fosfati kiasi kwamba hauna haja ya kuzitafuta kwenye meno yako. Hivyo vibakuli kavionyeshe vizibwe kabla havijachimba zaidi. Na ukifika nyumbani asubuhi usikimbilie mswaki kama umemaliza enaji sasa hivi.

Swali: Daktari, nina miaka 41, niko Mombasa. Nilienda kwa daktari wa meno sababu meno ya juu ya mbele yamekuwa membamba. Akaangalia kwa kioo nyuma ya meno, akaniuliza kuhusu tumbo! Akaniambia nikaonane na daktari wa tumbo. Nimelipa pesa zangu za jino naambiwa habari za tumbo, na mimi kiungulia sina. Nimeona kama nimechezewa. Soda nakunywa, na muguka, yale majani ya kutafuna, jioni na wenzangu, lakini si kila siku.

Jibu: Hujachezewa bwana, umempata daktari anayejua kazi yake, mrudie.

Meno huwa yanaandika adui alikotokea. Anayekunywa sana soda mara nyingi anaharibika upande wa mbele na juu ya magego. Ukikuta mbele pazima lakini nyuma ya meno ya juu, upande ule unaogusa ulimi, pameteleza na pamekuwa pembamba, basi asidi haikuingia kwa mlango wa mbele, imepanda kutoka chini. Asidi ya tumbo pH yake ni 1 hadi 2 hivi, ndimu yenyewe haiifikii. Na kutosikia kiungulia sio ushahidi, wako watu asidi inawapandia usiku wamelala fofofo, hawamezi, mate yamepungua, kinachowashtua ni uchungu mdomoni alfajiri, au kikohozi kisichoeleweka, au sauti kukwaruza. Jiulize kama unayo mojawapo.

Sasa weka juu yake huo muguka, unakausha mdomo, na ukavu ule unauzimua na soda ya baridi, yaani umemfukuza mlinzi afu ukafungua mlango. Sikukatazi, mtu mzima wewe, lakini maji yakae karibu kuliko soda, na bazoka isiyo na sukari baada ya hapo inasaidia kuita mate.

Kwa tumbo, chakula cha usiku kiishe masaa mawili matatu kabla hujalala, na hizo bhajia za saa nne usiku unazijua mwenyewe. Kitanda kiinue upande wa kichwa, weka tofali chini ya miguu miwili ya kitanda, mito mitatu haitoshi inakukunja tumbo tu na kuzidisha. Lalia ubavu wa kushoto. Dawa za kupunguza asidi zipo na zinafanya kazi vizuri, ila usijinunulie duka la dawa mwaka mzima, nenda upimwe, huenda kuna kidonda. Na meno usiyajenge kwanza kabla tumbo halijatulia, utajenga kompoziti leo na baada ya mwaka jino lililoishikilia litakuwa limeyeyuka pembeni yake.

Swali: Nasalimu daktari. Nakaa Arusha vijijini, wanangu wawili meno yao ya ukubwani yametoka na madoa ya kahawia na mengine yanabanduka. Mwalimu anasema ni enameli kumomonyoka sababu ya pipi. Niwaachishe dawa ya floraidi?

Jibu: Mwalimu amekosea hapa, ingawa pipi punguza tu. Meno hayo yametoka hivyo tangu kwenye ufizi, si ndio? Basi hayo ni maji. Ukanda wetu wa Bonde la Ufa, Arusha na Kilimanjaro kwa upande wetu, Nakuru na Naivasha kwa Kenya, una floraidi nyingi kwenye maji ya visima na chemchemi sababu ya miamba ya volkano. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinapita hapo mbali. Mtoto akiyanywa tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi, ndo muda meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, enameli inaumbika na vinyweleo na inatoka na madoa. Hata magadi ya kulainishia maharage na makande yana floraidi, na mkoani kwenu mnayapenda.

Kuchemsha maji hakusaidii, kinapungua maji floraidi inabaki, umeikoleza. Maji ya mvua ndo mazuri kwa mtoto mdogo, kinga kwenye simtanki. Na kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyoinasa floraidi, huko kwenu kituo cha Ngurdoto wamezifanyia kazi miaka mingi, kaulizie, na maji yako yapeleke yapimwe kabla hujatumia hela kwenye chochote.

Dawa ya meno usiwaachishe, hiyo inafanya kazi juu ya jino, tatizo ni kumeza tu. Chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 punje ya njegere, na simama nao mpaka wateme. Kwa hawa wakubwa madoa yanaweza kufunikwa kwa kompoziti wakishakua kidogo, na yale yanayobanduka yasisubiri.

Swali: Daktari mimi mama kijacho, miezi mitatu, natapika kila asubuhi hadi mara nne, nanyonya ndimu kichefuchefu kipungue, na pemba, ule udongo, nakula sijifichi. Nikitapika napiga mswaki harufu ya mdomo iishe. Meno yameanza kutia ganzi, mama mkwe anasema mtoto ananyonya kalsiamu ya meno.

Jibu: Hongera mama, na mama mkwe asiwe na shaka, mtoto hachukui kitu kwenye meno, hamna njia, kama nilivyomwambia yule dada wa Tanga. Ni matapishi. Ukitapika sukutua na glasi ya maji uliyotia kijiko kidogo cha beking soda, sio beking pauda, na tafadhali sana sio magadi soda ya kutengenezea sabuni, itakuunguza. Kama hauna, maji matupu. Harufu ikikukera paka dawa ya meno kidogo kwa kidole upitishe juujuu, mswaki wenyewe ukae nusu saa.

Pemba ni udongo na chembechembe za mchanga, unausaga kwenye meno ambayo asidi imetoka kuyalainisha, na mambo mengine ya huo udongo kamuulize mkunga kliniki, maana unaweza pia kukuzidishia upungufu wa damu. Kama unatapika mpaka maji hayakai tumboni usinisubiri mimi, nenda hospitali leo. Kwa kichefuchefu jaribu tangawizi. Na ndimu ikate, inuse, wengi wanasema harufu peke yake inatosha, kipande usikitie mdomoni.